MZAHA SI UHAINI

Liko neno linalosemwa sana siku hizi katika matawi ya Chama, nasi hatuna budi kulijibu waziwazi. Neno lenyewe ni hili: wachekeshaji wa redio na televisheni wamezidi. Wanaiga sauti za viongozi, wanaiga mwendo wao, wanawavika mavazi ya kuchekesha, na watu majumbani wanashika mbavu kwa kucheka. Basi wako ndugu zetu, wanachama wa kweli, wenye kadi na wenye kulipa ada, wanaouliza: Je, huu ndio uhuru wa kusema? Mbona Serikali haiwafungi midomo watu hawa? Mbona Chama kinatazama tu?

Twawaheshimu ndugu hawa. Hasira yao imetokana na mapenzi, na mtu akimpenda mzee wake hafurahi kumwona akichekwa. Lakini kiongozi wa siasa si mzazi tuliyezaliwa naye bila ya kuulizwa. Kiongozi tumemchagua wenyewe, na aliyechaguliwa sharti akubali kukaguliwa. Mwingine humkagua kwa hotuba, mwingine kwa swali Bungeni, na mwingine humkagua kwa mzaha.

Kwa hiyo jibu letu twalitoa mapema, asije mtu akasema gazeti hili linazunguka mbuyu. Mzaha juu ya mwanasiasa, hata ukiwa mchungu kama shubiri, si kosa la kumpeleka mtu gerezani. Uhuru wa kusema unao mpaka, nasi tutauonyesha hapa chini. Lakini mpaka huo haukuwekwa kulinda hadhi ya wakubwa. Uliwekwa kulinda usalama wa watu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, Julius Nyerere alishitakiwa mbele ya hakimu mjini Dar es Salaam. Kosa lake lilikuwa nini? Hakuua mtu wala hakuiba mali ya mtu. Aliandika maneno katika Sauti ya TANU, karatasi ya chama, akiwalaumu Mabwana Shauri wawili kwa namna walivyokuwa wakiwatendea wananchi. Serikali ya kikoloni ikasema heshima ya maofisa wake imevunjwa. Alitetewa na mawakili hodari, akiwamo D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, lakini akatiwa hatiani. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa faini, akarudi kazini, na baada ya miaka mitatu bendera ya mkoloni ikateremshwa.

Twawauliza wanachama wenzetu: sheria ile ilikuwa ya kumlinda nani? Haikumlinda mkulima aliyeonewa. Ilimlinda Bwana Shauri asisemwe. Mkoloni alijua kwamba mtu akizoea kumsema mkubwa leo, kesho atamuuliza swali, na kesho kutwa atamwomba aondoke. Basi sisi tuliopigwa kwa fimbo ile, je, tuiokote chini tuishike mkono wa kuume, tuwapige nayo watoto wetu wenyewe? Kama sheria ilikuwa mbaya mkononi mwa Mzungu, haiwi njema kwa kubadili rangi ya mkono unaoishika.

Wengine husema kuwacheka wakubwa ni desturi ya kigeni, ati imeletwa na televisheni za Ulaya. Neno hili si kweli. Huku kwetu tunao utani, na utani ni mkongwe kuliko redio zote. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, damu ikamwagika nyingi. Leo wao ni watani. Mngoni humwambia Mhehe maneno ambayo angeyasema mtu baki pangetokea ugomvi, naye Mhehe hucheka na kurudisha. Hata msibani mtani hafungwi mdomo. Huja akawaiga waliofiwa wanavyolia, akamwiga marehemu mwenyewe alivyokuwa akisema na kutembea, na watu waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Hakuna anayekwenda kuita polisi.

Lakini tazameni jambo moja. Mtani huyo anayemwiga marehemu ndiye pia ashikaye jembe kuchimba kaburi na abebaye maji ya wageni. Mzaha wake una haki kwa sababu yumo katika jamaa. Tena utani una kanuni zake, japo hazikuandikwa kitabuni. Kanuni ya kwanza, anayetaniwa naye ana ruhusa ya kujibu. Kanuni ya pili, mtani hakusudii kuua. Kanuni ya tatu, utani hauchezi na mtu asiye na pa kusimamia: yatima, mgonjwa, mgeni asiyejua lugha. Akivunja mtani kanuni hizi, wazee humkemea, na jina lake la utani humwondoka. Sisi twaona kwamba kanuni hizi tatu zaweza kutuongoza hata leo, penye redio na televisheni.

Tutazame majirani. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Moi, Kenya, vijana watatu wa kundi la Redykyulass walisimama katika televisheni wakamwiga Rais mwenyewe, sauti na yote. Mzee Moi alikuwa mtu wa kuogopwa. Watu walikuwa wakilitaja jina lake kwa kunong'ona. Vijana wale wakamwiga, na Kenya haikuanguka. Mwaka 2009 kikaja kipindi cha XYZ, vikaragosi vya wanasiasa vikizungumza upuuzi wao, kazi iliyoanzishwa na mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania. Kenya haikuanguka tena. Na mmoja wa wale vijana watatu wa Redykyulass, John Kiarie, mwaka 2017 alichaguliwa na wananchi kuwa Mbunge wa Dagoretti Kusini. Naye sasa ni mwanasiasa, na zamu yake ya kuigwa imefika. Ndiyo kanuni ya kwanza ya utani hiyo.

Huku Tanzania tulipata jambo la kusikitisha mwaka 2020. Mchekeshaji Idris Sultan alijirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, akaisambaza. Akakamatwa, akakaa mikononi mwa polisi siku kadhaa. Alipofikishwa mahakamani shitaka lililosomwa halikuwa la kucheka. Lilikuwa juu ya usajili wa laini ya simu. Hapa twasema kwa upole lakini twasema: Serikali inapomkamata mtu kwa kicheko kisha ikatafuta kosa jingine la kumshitaki, inakiri yenyewe kwamba kicheko si kosa. Na picha ile, ambayo pengine ingechekwa siku mbili ikasahauliwa, ilitazamwa na watu wengi zaidi kwa sababu ya pingu.

Wala msidhani kwamba mabwana wakubwa wa nje, wale wanaokuja kutufundisha uhuru kila mwaka, wamelimaliza jambo hili. Mwezi Machi 2016 mchekeshaji wa Ujerumani, Jan Böhmermann, alisoma katika televisheni shairi la kumtukana Rais Erdoğan wa Uturuki. Lilikuwa shairi chafu, nasi hatutalirudia. Rais yule akalalamika, na Wajerumani wakagundua kwamba katika vitabu vyao ilikuwamo bado sheria ya kumwadhibu amtukanaye mkuu wa nchi ya kigeni, sheria yenye mizizi katika enzi za wafalme wao. Bibi Merkel, aliyekuwa mkuu wa Serikali, akatoa ruhusa mashitaka yaendelee. Kelele zikawa nyingi. Mwezi Oktoba mwaka ule ule waendesha mashitaka wakaiacha kesi, na tangu Januari 1, 2018 sheria yenyewe ikafutwa. Lakini Rais Erdoğan alikwenda pia katika mahakama ya madai mjini Hamburg, kama mtu yeyote aliyetukanwa, na mahakama ile ikakataza sehemu kubwa ya shairi isirudiwe. Tuyaweke akilini mambo haya mawili: jela ilikataliwa, lakini mlango wa madai ulikuwa wazi. Tutayarudia.

Na Marekani je? Mwezi Septemba 2025 mchekeshaji Jimmy Kimmel alisema maneno katika kipindi chake juu ya kuuawa kwa Charlie Kirk, mfuasi mashuhuri wa Rais Trump. Mwenyekiti wa tume ya Serikali inayosimamia utangazaji, Brendan Carr, akazitolea stesheni vitisho hadharani, na siku ile ile kampuni ya ABC ikakiondoa kipindi hewani. Watu wakapiga kelele, wa chama hiki na wa chama kile, na haikufika wiki moja mtu yule akarudi. Hapa pana fundisho kwetu. Hapakuwa na sheria mpya, hapakuwa na hakimu, hapakuwa na askari. Palikuwa na ofisa mwenye leseni mkononi, na tajiri mwenye stesheni anayeiogopa leseni ile. Hivyo ndivyo mdomo unavyofungwa siku hizi. Mwanachama anayetaka Chama "kizungumze kidogo" na wenye stesheni ajue kwamba neno hilo "kidogo" ni zito kuliko hati ya kukamatwa. Hati ya kukamatwa hakimu anaweza kuifuta, lakini maneno ya simuni hayana pa kukatiwa rufaa.

Hadi hapa baadhi ya wasomaji watasema gazeti limeacha kila kitu wazi. Sivyo. Sasa twafika mpakani.

Tarehe 8 Julai 1993 redio moja ilianza kusikika Rwanda, ikiitwa RTLM. Vijana waliipenda. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walizungumza lugha ya mtaani, na walikuwa wachekeshaji hodari. Redio ya Serikali ilikuwa ya kuchosha, hii ilichekesha. Na ndani ya mzaha ule Watutsi waliitwa mende. Mzaha uliendelea mwezi baada ya mwezi, hata neno lile likazoeleka masikioni. Bibi Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu, aliyesimama kwa ajili ya maafikiano, alidhihakiwa na wenye chuki kwa uanamke wake, akachorwa magazetini mwao michoro ya kumvua heshima. Tarehe 7 Aprili 1994 askari walimuua. Na katika siku zile za mauaji redio ile ile, kwa sauti zile zile za mzaha, ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, ili wauaji wajue pa kwenda.

Ndugu zetu wa Rwanda walikufa kwa mamia ya maelfu. Wengi wetu tunaoishi karibu na mipaka ile tuliwaona waliosalia wakivuka. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba mzaha ni upepo tu. Ulimi hauna mfupa, lakini waweza kuvunja mifupa.

Wakuu wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura walihukumiwa huku huku kwetu, mjini Arusha, na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, tarehe 3 Desemba 2003. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilizipunguza adhabu zao, ikafafanua jambo ambalo kila mwanachama anafaa kulijua: maneno ya chuki ni mabaya, lakini si yote yaliyo uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji. Majaji hawakutosheka kusema maneno haya yanaudhi. Waliuliza yalisemwa lini, yalisemwa kwa nani, na yalimwambia msikilizaji afanye nini.

Sasa oneni ajabu ya mji ule ule wa Arusha. Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo pale pale, ilitoa hukumu juu ya Lohé Issa Konaté, mwandishi wa Burkina Faso. Yeye alimwandika vibaya mwendesha mashitaka wa nchi yake, akafungwa miezi 12, na gazeti lake likasimamishwa miezi sita. Mahakama ikasema kifungo kile kimevunja Mkataba wa Afrika. Ikasema mwenye cheo cha umma hana budi kuvumilia lawama kuliko mtu wa kawaida. Ikasema jela haifai kwa maneno, isipokuwa penye hali nzito kama kuchochea chuki, ubaguzi au fujo. Na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya nayo ikaifuta sheria ya jinai ya kashfa, ikisema aliyekashifiwa afungue madai.

Basi mpaka tumeupata, na hatukuazima kwa mgeni. Mahakama mbili katika mji mmoja wa Afrika zimeuchora, kila moja kwa upande wake. Anayemcheka mwenye mamlaka yuko ndani ya uhuru. Anayewachochea watu wawadhuru wenzao ametoka nje. Katikati yapo mambo ya kupimwa, nasi twayataja moja moja.

Kuiga sauti ya Waziri, tumbo lake, ahadi zake asizozitimiza, na magari yake ya fahari: huo ni mzaha halali. Mwenye kuudhika atimize ahadi.

Kusema uwongo kwa sura ya habari, kwamba fulani ameiba fedha hizi mahali hapa, na hali mchekeshaji anajua si kweli: huo si mzaha bali ni kashfa iliyovaa kofia ya mzaha. Aliyekashifiwa aende mahakama ya madai, adai masahihisho na fidia, kama raia mwingine. Asimtume askari.

Kumcheka mtoto wa kiongozi, ugonjwa wake, kilema chake, au msiba wa nyumbani kwake: sheria haina haja ya kuingia kila mahali, lakini mchekeshaji wa namna hiyo amevunja kanuni ya tatu ya utani, na wasikilizaji wana haki ya kumwambia kwamba hana adabu.

Kumcheka kiongozi kwa kabila lake, dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke: hapa tusimame tufikiri sana. Mzaha wa namna hii hauishii kwa kiongozi. Waziri ana mlinzi mlangoni. Muuza mchicha wa kabila lile lile hana. Kicheko kinapita juu ya kichwa cha mkubwa, kinamwangukia mdogo. Chama chetu kilizaliwa kuwaunganisha watu wa makabila yote na dini zote, na katika neno hili hatutalegea, awe anayetaniwa ni wa kwetu au ni wa wapinzani.

Na kumtaja mtu, au jamii ya watu, kama wadudu, kama uchafu wa kufagiwa, na kuwaonyesha wanakokaa: hapo mzaha umekwisha. Hapo polisi na waingie, na hakimu ahukumu.

Tunalo neno pia kwa wenye redio. Mawimbi ya hewani ni mali ya wananchi wote. Stesheni inayowacheka wapinzani wetu kila jioni, lakini ikifika zamu ya viongozi wetu inageuka kuwa kwaya ya sifa, haituletei faida. Msikilizaji si mjinga. Husikia woga, hubadili stesheni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mbona mwaka jana na mwaka juzi, wachekeshaji walipowavua nguo wapinzani, matawi yetu hayakulalamika? Kama tulicheka wakati ule, basi tuwe tayari kuchekwa sasa. Na anayetaniwa apewe nafasi ya kujibu hewani, kwa mzaha akiweza, kwa maelezo akishindwa.

Kwa viongozi wetu twasema hivi kwa heshima yote. Anayekuiga vizuri amekutazama kwa makini kuliko wanaokupigia makofi. Mchekeshaji akisema barabara ya kwenu imekaa miaka mitano bila lami, na ukumbi mzima ukacheka, mjue kwamba ukumbi mzima unaijua barabara hiyo. Kamata barabara, usimkamate mchekeshaji. Msifuni ofisini haji kukuambia neno hilo, kwa maana analinda mkate wake.

Kwa wanachama twasema: heshima ya Chama haikujengwa kwa kunyamazisha watu. Ilijengwa na watu waliokataa kunyamazishwa. Wazee wetu waliposimama viwanjani na kumwiga Bwana Shauri alivyotembea na kofia yake ya jua, wananchi walicheka, na katika kicheko kile woga uliwatoka. Mkoloni alikiogopa kicheko kile kwa sababu alikuwa mgeni asiyechaguliwa na mtu. Sisi tumechaguliwa na wananchi wenyewe, na asubuhi hurudi kwao kuomba kura. Tukikiogopa kicheko chao, watatuuliza, na watakuwa na haki kutuuliza: nyinyi nanyi ni wageni?

UHURU NA UMOJA.